Mbuni na Zamu ya Nungunungu

Ngano inabisha hodi!

— Ifungulieni, iingie!

Tuikalishe wapi?

— Hapa katikati yetu!

Haya, sogeeni. Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na nyinyi, kulikuwa na mbuga yenye bwawa moja tu. Kiangazi kikija, wanyama wote walikunywa hapo. Mkubwa wa bwawa alikuwa Nyati, na Nyati aliweka amri: wote wanywe kwanza, Nungunungu anywe mwisho.

"Kwa nini mimi mwisho?" Nungunungu aliuliza.

"Una miiba," Nyati akajibu. "Utatuchoma."

Basi Mama Nungunungu na wanawe walingoja juani. Wenzao walikunywa, wakaoga, wakarushiana maji. Zamu yao ilipofika, maji yalikuwa tope. Wakanywa tope. Mtoto mdogo akaanza kuumwa tumbo.

Sasa, alikuwapo Mbuni. Mnamjua Mbuni? Shingo ndefu, manyoya tele, na akipita lazima mumwone! Mbuni alisikia habari hizo, machozi yakamlengalenga. "Mwenzetu anaonewa! Nitamtetea!"

Siku ya kwanza akachomeka vijiti mgongo mzima, akapita mbele ya wanyama akiringa. "Nitazameni! Leo na mimi ni nungunungu!" Wanyama wakashangilia. "Mbuni ana roho nzuri!" Hata Nyati alishangilia. Kisha wakanywa maji. Nungunungu akanywa tope.

Siku ya pili akatunga wimbo:

Nungunungu ni wetu, ni wetu,
miiba yake pambo letu!

Wakaucheza mpaka vumbi likatimka. Kisha wakanywa maji. Nungunungu akanywa tope.

Siku ya tatu akaandaa karamu ya kumheshimu Nungunungu. Aliiandaa wapi? Pale pale ukingoni mwa bwawa, Nungunungu asikoruhusiwa kukanyaga mpaka wote wamalize kunywa! Wageni wakala, wakashiba, wakamsifu Mbuni. Mgeni wa heshima alikuwa kule mbali, juani, na mtoto ubavuni.

Jioni Mbuni akamwendea. "Mama Nungunungu, karamu imefana! Uliona walivyolia nilipokutaja?"

Nungunungu alikuwa akimpapasa mwanawe tumbo. Hakuinua kichwa. "Mbuni, dada yangu, leo asubuhi ulikunywa wa ngapi?"

"Mimi? Wa pili, baada ya Nyati. Kama siku zote."

"Na ulipokuwa umesimama naye bega kwa bega, ulimwambia nini juu yangu?"

"Sikumwambia kitu. Nilikuwa nakunywa."

"Haya."

Aibu ikamshika Mbuni, manyoya yakamlegea. Alitaka kumkumbusha ule wimbo, lakini akamwona mtoto anavyojikunja kwa maumivu. Akakaa chini mavumbini. "Niambie unachotaka."

"Maji. Mwanangu anywe kabla hayajachafuka. Basi."

Asubuhi Mbuni akaenda bwawani bila vijiti, bila wimbo. Nyati akamwita, "Njoo, zamu yako!"

"Zamu yangu nimempa Nungunungu."

"Atanichoma!"

"Nitasimama katikati yenu. Akichoma, atanichoma mimi."

Nyati akakoroma. "Basi wewe utakunywa mwisho!"

"Nitakunywa mwisho."

Siku hiyo hakuna aliyeshangilia. Swala wakanong'onezana, "Anajifanya huyo." Nungunungu akaja na wanawe, wakanywa maji safi, mtoto mdogo akanywa mpaka akapiga mbweu. Miiba ikamchoma Mbuni mapajani. Akafumba macho, hakuondoka. Wote walipomaliza, akainamisha ile shingo ndefu akanywa. Lo! Akatema. Akanywa tena, maana kiu haina subira.

Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa akarudi. Akakonda, mapaja yakajaa vidonda. Nyati naye kila asubuhi alijikagua ubavu huu na ubavu ule, akitafuta alipochomwa. Hakupaona.

Asubuhi moja Twiga akaja taratibu, akasema, "Mbuni, kanywe. Leo nasimama mimi." Siku iliyofuata akaja Pundamilia. Kisha wakaja wale Swala waliokuwa wakinong'ona. Nyati akatazama huku na huku, akitafuta wa kumuunga mkono. Hakumpata. "Haya basi," akasema, "anayefika anywe!"

Amri ikafa hapo. Mtoto wa Nungunungu akapona, akawa anakimbia mbugani kutwa.

Wanyama wakamzunguka Mbuni. "Tusimulie, Mbuni! Ulifanyaje?"

Ehe! Shingo ikaanza kujinyoosha yenyewe. Kifua kikajaa. Maneno yakamfika mdomoni, maneno matamu! Mbuni akayameza. Akapiga hatua moja nyuma.

"Jambo hili ni la Mama Nungunungu," akasema. "Muulizeni mwenyewe."

Wanyama wote wakageuka, wakamsogelea. Nungunungu akaanza kusema. Na alikuwa na mengi ya kusema.

Mmesikia, wanangu? Ukitaka kumtetea anayeonewa, usitafute kuonekana. Muulize anataka nini, kisha utoe kilicho chako: nafasi yako, zamu yako, raha yako. Na siku watu wakitaka kusikia habari zake, mpishe aseme mwenyewe.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda akawasimulie wa kwao. Asiyeipenda anywe maji akalale!