Ncha Isiyokatwa

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mibuni na wana wawili. Mtu huyo ni Mwaisumo wa Rungwe, fundi wa kupogoa. Mbuni wa jirani ukirefuka bila kuzaa, aliitwa yeye na kisu chake.

Asajile, mwanawe wa kwanza, alipewa kila kitu. Lugano, wa pili, alipewa jembe. Kila alipoomba kipande cha ardhi ajenge na aoe, baba alimwambia asubiri kwanza kaka yake asimame. Asajile akajengewa nyumba ya bati, akaozwa, akanunuliwa pikipiki, akaivunja, akanunuliwa nyingine. Kusimama kwake hakukuisha. Lugano akasubiri mpaka mvi zikamwota, huku akibeba samadi kulisha mibuni isiyokuwa yake. Hasira aliimeza, maana alifundishwa kwamba mzazi hakosei. Nani aliyemdanganya hivyo?

Siku moja Mwaisumo na Lugano walikwenda kumpogolea mjane mmoja, Lugano akiwa amembebea kapu la samadi. Mwaisumo alikata ncha ya mbuni, kisha akamweleza mama yule sababu. Ncha hutuma neno chini, huyaambia machipukizi ya pembeni yalale. Mizizi nayo hutuma neno juu, huyaambia yaamke. Ncha ikiachiwa, neno lake hushinda, na mti mzima huwa ufito tu. Ikikatwa, mizizi husikika, na machipukizi huamka.

Lugano akatua kapu la samadi.

"Baba, kumbe jambo hili ulikuwa unalijua, na mimi umenilaza miaka yote hii?"

Alikuwa analijua! Hapo ndipo penye ubaya. Asiyejua husamehewa, lakini huyu alijua, akawatendea haki miti ya watu na kumdhulumu mtoto wa kumzaa. Hata wakati ule hakuona haya. Alisema tu kwamba Lugano hana adabu.

Lugano akaondoka jioni ileile, akakodi shamba ng'ambo ya mto, akalima kwa ajili yake mwenyewe. Asajile akaachiwa mibuni yote. Hakuwahi kushika jembe, basi magugu yakaimeza, na mzee akazeeka akiomba chakula kwa majirani.

Nanyi mnaotikisa vichwa kumsikitikia Mwaisumo, ni mtoto yupi nyumbani kwenu ambaye hadi leo mnamwambia asubiri?