Kwa Nini Mzinga Huhifadhi Chavua ya Rangi Nyingi

Zamani hizo, jamani, mzinga mzima ulikula chavua ya mtama tu. Mtama ulikuwa karibu, ulikuwa tele, na nani apende kuchoka bure? Chavua ni ule unga wa maua ambao nyuki huubeba miguuni, na ndio chakula cha majana, watoto wao wachanga. Mlangoni alikaa Shangazi Kasunga, mlinzi mwenye mdomo kweli kweli. Mzigo wowote usio wa mtama aliutupa nje.

Nyamizi, mlezi wa majana, aliyapenda kana kwamba aliyataga yeye. Lakini watoto walizaliwa na mabawa yaliyokunjamana, wakaanguka wasiinuke tena. Wakubwa walikuwa wakifa na wa kushika nafasi zao hayupo. Mzinga ulikuwa unakwisha hivi hivi.

Siku moja uvumilivu ukamshinda. Akaupita mtama, akaenda kwenye mkwaju, akaenda kwenye ufuta, akaingia hadi porini. Akarudi hoi, na mzigo wa rangi rangi.

"Uchafu gani huo?" Kasunga akafoka.

"Chakula, shangazi. Nimeyaonja maua yote. Mtama unashibisha tu. Ua hili lina nguvu ya mabawa, lile lina ya macho, na hakuna lenye vyote."

"We mtoto, umeanza lini kunifundisha kazi?"

Nyamizi akamvuta ndani, akamwonyesha mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, anajikokota sakafuni. Kasunga akalia, maskini mama wa watu.

"Haya, leteni," akasema. "Ila msinichanganyie! Kila mmoja na rangi yake, nijue kinachoingia."

Wakaleta za njano, za chungwa, za zambarau. Walezi wakalisha, wakangoja roho juu. Kizazi kipya kilipotoka, wa kwanza akatikisa mabawa, akapaa. Lo! Nyamizi akakaa chini, akacheka huku machozi yanamtoka. Mzigo mzito ulikuwa umemtoka moyoni.

Na tangu siku hiyo, kwa kawaida nyuki hubeba chavua ya aina moja kwa safari moja, ila ghala lao lina rangi nyingi. Nguvu ya chavua nayo hutofautiana mzinga kwa mzinga, kutegemea maua ya jirani. Ukichungulia sega ukaziona rangi hizo zimelala pamoja, tulia moyo: humo watoto wataruka.