Jibu la Waziri

Mwanamize wa Pangani aliolewa na Badi, aliyefanya kazi Ulaya na kunyimwa likizo. Siku ya nikahi, kaka yake Badi alikaa mbele ya shehe akampokelea mke, kama desturi inavyoruhusu. Sasa Mwanamize alitaka viza amfuate mumewe, lakini afisa wa ubalozi alitikisa kichwa.

"Bwana harusi hakuwepo, bibi. Hiyo si ndoa. Viza hupati."

Mwanamize aliinamisha macho. "Haya, bwana mkubwa. Lakini jibu lako silipokei. Nitamngoja waziri wenu aje mwenyewe."

"Waziri aje hapa? Kwa ajili yako?"

"Si ndiye mwenye viza? Wewe umekalia kiti tu."

Afisa akapandwa na hasira. "Mimi nimetumwa naye! Nikisema ndiyo hapa, waziri amesema ndiyo kule!"

"Hata kama hayupo?"

"Hata kama amelala!"

Mwanamize akainua macho, akatabasamu. "Basi shemeji yangu aliposema 'nimekubali' Pangani, Badi alikubali kule Ulaya. Tena yeye hakuwa amelala, masikini. Alikuwa anakesha akingoja simu."

Afisa akanyoosha mkono kuomba pasipoti.