Maji Aliyoyakataa Mwenyewe

Tajiri Mbaruku aliuza maji ya chupa, akiyasifu kuwa ya chemchemi. Bi Mwatima, muuza vitumbua, akawaambia wateja wake kwamba yanachotwa kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Mbaruku akamshtaki kwa sheha.

"Aniombe radhi mbele ya watu wote!"

"Nitakuomba, bwana," Mwatima akasema, akitoa kikapuni chupa yenye nembo ya Mbaruku. "Kunywa hii kwanza."

Mbaruku akatokwa jasho. "Sina kiu."

"Funda moja tu," sheha akamsihi.

"Sinywi! Mnataka nikaharishe?"

Watu wakaangua kicheko. Mwatima akaifungua chupa, akayanywa maji yote.

"Wewe huogopi?" sheha akashangaa.

"Niogope nini? Chupa ndiyo yake. Maji niliyachemsha mwenyewe jikoni kwangu."