Fisi na Swala Waliosema "Ya Nini?"

— Nina kisa, nikitoe?
— Kitoe!
— Kinatisha, nikitoe?
— Kitoe hivyo hivyo!

Basi, bondeni walikuwapo swala vijana. Hawachezi, hawaruki. Wamelala tu, wanatafuna kilicho karibu na mdomo. Mama zao wakisema, "Inukeni mkanywe maji," wanajibu, "Ya nini?" Wakisema, "Inukeni mnyooshe miguu," wanajibu, "Ya nini?"

Neno hilo walifundishwa na Fisi. Kila asubuhi alikuja, chwa, chwa, chwa, majanini. "Wajukuu zangu, mkikimbia nitawapata, mkilala nitawapata. Kujisumbua ya nini?" Kisha anachagua mmoja, anaondoka naye taratibu, hata jasho halimtoki.

Bi Pimbi, mkaa mwambani, mdogo kama kibuyu, aliyaona yote. Asubuhi moja akashuka mbio, moyo du! du! du! Akamwendea Sikudhani, swala wa kike ambaye jana yake Fisi alikuwa amemwambia, "Kesho ni wewe."

"Sikudhani, kimbia!"

"Ya nini?"

"Hilo ni swali au jibu?"

Sikudhani akaacha kutafuna.

"Ni swali, mwanangu. Mbona mmelifanya jibu? Na kama Fisi anaweza kuwapata mkikimbia, mbona kila siku anahangaika kuwabembeleza mlale?"

Sikudhani akashtuka. Akajaribu kusimama, akashindwa. "Bibi, miguu imekufa ganzi!"

"Basi Fisi akija, muulize yeye, 'Ya nini?' Muulize mpaka damu irudi miguuni!" Bi Pimbi akajificha kwenye ufa wa jiwe.

Chwa, chwa, chwa. Fisi huyo.

"Shikamoo, Babu Fisi. Kunila ya nini?"

"Nina njaa!"

"Ukishiba leo, kesho hutaona njaa?"

"Nitaona."

"Sasa kushiba ya nini?"

Fisi akakuna kichwa. "Ee... nishibe leo."

"Kumbe leo ina maana?"

"Kwangu ina maana!"

"Na kwangu je?"

Fisi alipenda kula, lakini kushinda maneno alikupenda zaidi. Akaketi afikiri. Swala wote wametega masikio. Mguu wa Sikudhani, tiki. Mguu wa pili, tiki. Wa tatu bado. Jamani, wa tatu bado!

"Nimepata!" Fisi akaruka. "Mimi kila siku naamka nikitumaini kwamba..." Akajiziba mdomo.

"Hee! Kumbe Fisi ana matumaini!" swala wakapiga kelele. "Tuliokatazwa ni sisi tu!"

Puru, puru, puru! Wakatimka. Fisi akawafuata, lakini alikuwa hajakimbia miezi mingi. Tumbo likamtangulia, pu! matopeni.

Sikudhani alianguka mara mbili. Mama yake akamwinua kwa kichwa. Alipofika mwambani akalia sana.

"Kumbe nilitaka kuishi," akasema. "Nilikuwa sijui tu."

Basi, wanangu, fundisho ni hili: msiwaulize wakubwa maswali. Mtawakosesha kifungua kinywa.

Nimemaliza, koo limenikauka. Mwenye swali na alimeze.