Jina Lililochapwa Ndani ya Shingo

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, na sitaki ilale kwangu. Isome taratibu, halafu mpelekee mwenye kiduka mtandaoni, hasa yule anayetaka kukata tamaa.

Palikuwa na binti mmoja Morogoro, Tumsifu, aliyefungua duka mtandaoni akaliita Chora Tuvae. Yeye mwenyewe hajui kuchora hata yai. Alikuwa anapokea michoro ya watu, wateja wanapiga kura, na mchoro ulioshinda unachapwa kwenye fulana. Mchoraji anapata fungu lake, na jina lake linachapwa ndani ya shingo ya fulana, pale panapokaa lebo.

Siku moja msusi wa nywele aitwaye Semeni alituma mchoro wa kuku anayeendesha baiskeli. Nyuma, kwenye karia, kuna mwanamume amefungwa miguu, kichwa chini. Watu walicheka mpaka machozi, wakaupigia kura ukashinda. Fulana zikaagizwa kwa wingi hadi mashine ya Tumsifu ikazidiwa, ikafa. Wateja wakaanza kulalamika, na mwenye nyumba naye akasema anakitaka chumba alichompangisha.

Ndipo akaja Bwana Mwinjuma, tajiri mwenye maduka ya nguo karibu kila mkoa.

"Binti, mashine mpya nakupa. Fulana zako zote zitauzwa kwangu. Ila ndani ya shingo liwe jina langu."

"Na la Semeni?"

"Litoe. Huko shingoni nani analiona? Hata mvaaji mwenyewe halioni!"

Semeni alipopata habari alipiga simu. "Mdogo wangu, kubali. Duka likifa, hilo jina langu litakaa wapi?"

Tumsifu alilia siku hiyo, nisikufiche. Kisha akafuta uso.

"Dada Semeni, watu hawaniletei michoro kwa sababu ya mashine. Wananiletea kwa sababu nikisema jina lako litakuwepo, linakuwepo. Nikifuta lako leo, kesho nani ataniamini?"

Tajiri akajibiwa hapana. Akasonya, akaenda kunakili mchoro wa kuku yuleyule na kuzijaza fulana zake madukani kwake.

Tumsifu akahamia uani kwa mama yake, nje ya mji, akawa anachapa kwa mkono, fulana moja moja. Vidole vikawa vyeusi kama vya fundi gereji. Kila alipomaliza fulana aligeuza shingo kuona kama jina linasomeka. Majirani walimcheka, wakamwambia atafute kazi. Hakuacha.

Sasa sikiliza. Tajiri aliuliza nani analiona jina la shingoni. Alisahau kwamba msusi husimama nyuma ya shingo za watu kutwa nzima!

Kila mteja aliyekuja kusukwa amevaa fulana ya kuku, Semeni aliigeuza shingo, na asipoona jina lake alisema:

"Shoga, kuku huyu si wangu. Wangu ana jina."

Wateja wakaona aibu. Maneno yakatoka saluni hiyo yakaingia nyingine, na wasusi wengine nao wakaanza kugeuza. Punde hata sokoni mtu hanunui fulana ya kuku kabla ya kusema, "Geuza shingo tuone." Za Mwinjuma zikabaki zimening'inia. Za Tumsifu zikaagizwa upya, akapata mashine, akarudi mjini.

Michoro ikamiminika. Katika kura zilizofuata ulishinda mchoro wa mbuzi kinyozi, uliotumwa na mwanafunzi aitwaye Rukia. Kesho yake asubuhi, Bwana Mwinjuma akasimama mlangoni. Tumsifu akadhani amekuja kwa shari.

"Rukia ni mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kuuliza tu. Jina lake mtaliweka?"

"Tutaliweka, mzee."

"Basi liwe kifuani, kubwa. Maana huko shingoni nani ata..."

Akaishia hapo.

"Litakaa shingoni," akasema Tumsifu, "kama la Semeni."

Fulana ya kwanza ilipotoka mashineni alipewa Bwana Mwinjuma. Kabla hajamtazama hata mbuzi, aliigeuza shingo.

Funzo: Litunze jina la aliyekuamini hata mahali ambapo hakuna anayetazama, kwa maana siku ikifika zamu ya mwanao, hapo ndipo utakapotazama kwanza.