Fisi Aliyeambiwa Ngoja

Hadithi inabisha hodi!
Karibu, ipite, ikae!
Imekuja na mkia wake.
Mkia usikanyagwe!
Basi kaeni. Kaeni vizuri, na mngoje.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana nyumba zilikwisha kuezekwa mabati na mbwa walikwisha kuwa na majina, palikuwa na kijiji mlimani kilichoitwa Mwarungu. Watu wa Mwarungu waliwapa mbwa wao majina ya kuwasemea majirani. Aliyegombana na jirani alimwita mbwa wake Watasema. Aliyeonewa wivu alimwita wake Watachoka. Jioni ukisikia mtu anamwita mbwa kwa sauti kubwa kuliko haja, ujue hamwiti mbwa peke yake.

Majina mbwa walikuwa nayo, adabu hawakuwa nayo. Walikwapua nyama jikoni, walifukuza baiskeli, na siku moja waliwabwekea wageni wa posa mpaka wageni wakageuka na mbuzi wao wa mahari. Ndipo Mama Wakesho, mjane mrefu mwenye filimbi shingoni, akaanzisha Chama cha Mbwa. Kila Jumamosi asubuhi watu walikusanyika na mbwa wao katika uwanja ulio nyuma ya ghala la viazi. Mama Wakesho alipuliza filimbi, prrrii! Kisha akaanza.

"Kaa!" Mbwa wakakaa.

"Lala!" Mbwa wakalala.

"Ngoja!"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwenye mbwa aliweka kipande cha pafu la mbuzi, lililochemshwa kwa chumvi kidogo, mbele ya pua ya mbwa wake, akarudi nyuma polepole. Mbwa alidondosha udenda, chururu, chururu, lakini hakugusa. Alingoja neno moja tu. "Haya!" Akilisikia, hapu! Pafu halipo.

Chama kilikuwa na sheria moja ambayo Mama Wakesho hakuilegeza hata kwa mwenyekiti: aliyemwambia mbwa ngoja ndiye atakayemwambia haya. Si mkewe, si mwanawe, si mpita njia.

Kando ya uwanja palikuwa na rundo la kuni, na chini ya kuni aliishi Nguchiro. Alikuwa mdogo, mwembamba, mwenye macho ya kuona kila kitu na mdomo wa kusema nusu yake. Jirani yake alikuwa Watachoka, yule mbwa jike. Watachoka alimwachia Nguchiro makombo ya pafu, na Nguchiro alimwulia nyoka waliokuja kunusanusa watoto wake. Lakini nyoka hawakuwa shida. Shida ilikuwa Fisi. Fisi alishuka kutoka mlimani, akamchukua mtoto mmoja. Akashuka tena, akamchukua mwingine. Mwishowe akabaki mmoja tu, binti, jina lake Tuone.

Jioni moja Nguchiro alikuwa kijitoni anakunywa maji. Pwaa! Mguu mzito ukamkandamiza mgongoni.

"Wewe ufagio wa jikoni," Fisi akasema, "si ndiwe unayelala jirani na Watachoka? Niletee yule mtoto aliyebaki. Usipomleta, nitakula wewe, na mkia wako nitachokolea meno."

Moyo wa Nguchiro ulikuwa unaenda du, du, du, lakini mdomo wake haukutetemeka. "Mjomba, kwani nani amekataa? Ila nakuhurumia. Utamla Tuone mara moja, basi, kwisha. Wenzako wanakula pafu kila Jumamosi, tena wamekaa."

"Wenzangu gani?"

"Mbwa wa chama, Mjomba."

"Pafu la nini?"

"La mbuzi. La kuchemsha. Lina chumvi kidogo."

Fisi akameza mate, gulu! Mguu ukalegea. "Basi niingize na mimi."

"Kuingia si taabu. Taabu ni adabu."

"Adabu inaliwaje?"

"Hailiwi, Mjomba. Ndiyo maana huna."

Fisi alicheka mpaka mlima ukaitikia. Wakapatana hivi: Nguchiro atamfundisha kila jioni katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, chini ya mlima, mahali ambapo watu hawapiti. Na Fisi hatamgusa Tuone mpaka siku atakayoingia chamani. "Siku hiyo," Fisi akasema, "nitakula pafu, na juu ya pafu nitamla Tuone. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mjomba."

Mafunzo yakaanza. Nguchiro alileta vipande vya pafu vilivyoanguka uwanjani, akasimama juu ya jiwe, akaigiza sauti ya Mama Wakesho.

"Kaa!" Fisi akakaa, puu! kama gunia la viazi.

"Lala!" Fisi akalala, vumbi likaruka.

"Ngoja!" Hapu! Pafu halipo.

"Mjomba, nimesema ngoja!"

"Nimengoja."

"Umengoja lini?"

"Nilipokuwa natafuna. Nilingoja kumeza."

Jioni ya pili, hapu! Jioni iliyofuata, hapu! Nguchiro karibu apoteze kidole. Lakini alikuwa mvumilivu, kwa kuwa kila jioni ya kufundisha ilikuwa jioni nyingine ya Tuone kuwa hai. Mwisho ikafika siku Fisi alilitazama lile pafu, akatetemeka mwili mzima, udenda ukafanya dimbwi, lakini mdomo hakuufungua. Nguchiro akahesabu pumzi zake mwenyewe, akasema, "Haya!" Na Fisi alipokwisha kumeza, Nguchiro akaongeza neno alilozoea kulisikia uwanjani:

"Vyema, Mjomba."

Fisi akainamisha sikio. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hilo la mwisho."

"Vyema."

Maisha yake yote Fisi alikuwa ameambiwa "Toka!" na "Mshikeni!" na baada ya neno lilifuata jiwe. Neno lisilo na jiwe nyuma yake hakuwahi kulisikia. Mkia wake mfupi ukatikisika mara moja, kama umeshtukizwa. Toka siku hiyo hakumwita Nguchiro ufagio. Alimwita Mwalimu. Na toka siku hiyo, mbele ya pafu, macho yake hayakuwa kwenye pafu. Yalikuwa kwenye mdomo wa Nguchiro.

Nguchiro aliliona jambo hilo. Baadaye alijiuliza mara nyingi aliliona vipi bila kulielewa. Wakati ule alikuwa anafikiria Tuone tu.

Ikafika Jumamosi ya mawingu. Mzee Mwadime alimwambia mbwa wake Watasema angoje, kisha akakutana na rafiki yake, wakashikana mikono, wakaenda wakizungumza habari za maharage mpaka ng'ambo ya ghala. Mvua ikashuka, pa, pa, pa. Watu wakakimbilia chini ya bati. Watasema akabaki uwanjani na pafu lake, amelowa, anatetemeka.

"Haya!" watu wakamwita. "Haya, wewe! Inuka!" Hakuinuka.

Mzee Mwadime alirudi mvua imekatika. Mama Wakesho alimkabili, mikono kiunoni. "Mwadime! Umemwacha mbwa na neno lako shingoni!"

"Nimesahau, mama."

"Wewe umesahau. Yeye hajasahau."

Watu wakacheka, Mwadime naye akacheka kwa aibu, akasema "Haya," na Watasema akala pafu lililojaa maji. Chini ya kuni Nguchiro hakucheka. Alikuwa amepata alichokuwa anakitafuta.

Jioni ile Fisi alimpokea kwa furaha. "Mwalimu, najua kukaa, najua kulala, najua kungoja. Nipeleke chamani."

"Na Tuone je?"

Fisi alitazama mawe. Alinyamaza kidogo. "Tulipatana," akasema.

Nguchiro alilisikia lile neno, ule unyamavu hakuusikia.

"Vyema, Mjomba. Umebaki mtihani wa mwisho, nao ni mkubwa. Utangoja hapa. Mimi nitakwenda kwa Mama Wakesho kumwambia umeiva. Nikirudi nitakwambia haya, twende pamoja."

"Utarudi?"

"Kwani nimewahi kutorudi?"

"Hujawahi, Mwalimu."

"Basi. Kaa!" Fisi akakaa. "Lala!" Fisi akalala. "Ngoja!"

Nguchiro akarudi nyuma polepole, kama wenye mbwa wanavyofanya. Alipofika ukingoni mwa machimbo akageuka, chwa, chwa, chwa, majanini, mpaka nyumbani.

Siku hiyo mbwa wa Mwarungu walicheka mpaka wakagaagaa. Watachoka alimlamba Nguchiro kichwa kizima. "Tuambie tena, jirani!" Akawaambia tena. Akaigiza sauti ile nzito: "Utarudi?" Mbwa wakaanguka chini kwa kicheko. Akaigiza tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akaona hataki kuiigiza tena.

Mlimani hapakusikika kicheko cha Fisi. "Amehama," Watasema akasema. "Ameona haya," akasema mwingine. "Ameenda zake," Nguchiro akasema, naye akajaribu kusadiki. Lakini kila Jumamosi filimbi ilipolia na Mama Wakesho aliposema "Ngoja!", Nguchiro aliingia ndani zaidi ya kuni, mahali ambapo sauti haifiki vizuri.

Kisha siku moja mchana Watachoka akaja mbio. "Jirani! Mtoto hayupo!"

Wakanusa njia. Harufu ya Tuone ilipita ghala, ikapita kijito, ikashuka kuelekea machimbo. Walipofika ukingoni wakachungulia kupitia majani.

Fisi alikuwapo. Alikuwa amelala vilevile alivyoambiwa, kidevu juu ya miguu, macho njiani. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Na kati ya miguu yake ya mbele alikuwa Tuone, anamtafuna sikio na kunguruma kwa mchezo, ngrr, ngrr. Udenda wa Fisi ulikuwa umemlowesha mtoto mgongo mzima. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Watachoka alishuka, mwili umemkakamaa. Akamnyakua mtoto kwa shingo, akapanda naye. Fisi hakusogea.

"Mwambie," Watachoka akasema alipomtua Tuone majanini.

"Nimwambie nini? Akiinuka atatumaliza."

"Alikuwa naye mdomoni pake, jirani. Mwambie."

Majani yakatikisika. Kule chini Fisi akainua sikio. "Mwalimu? Ni wewe?"

Nguchiro akazuia pumzi.

"Bado nangoja," Fisi akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, si ile iliyoitikiwa na mlima. "Nafanya vyema?"

Nguchiro, ambaye hakuwahi kukosa la kusema mbele ya nyoka wala mbele ya meno, hakupata neno. Angesema nini? Kwamba alisahau? Hakusahau. Aliogopa meno kidogo, na macho yale aliyaogopa zaidi. "Nitakuja kesho," akamnong'oneza Watachoka. "Nitakuja na pafu." Watachoka alimtazama, akambeba mtoto wake, wakarudi.

Kulipopambazuka Nguchiro alikwenda kwa Watachoka, akaomba pafu, akapewa kipande kikubwa kuliko vyote. Alikimbia nacho, chwa, chwa, chwa, akapita ghala, akapita kijito, akashuka machimboni bila kujificha. Akaliweka pafu mbele ya pua ya Fisi, akapanda juu ya jiwe lake.

"Haya, Mjomba!"

Fisi alikuwa anatazama njia.

"Mjomba, nimerudi. Haya!"

Inzi akatua juu ya pafu, akaruka, akatua juu ya pua.

"Vyema," Nguchiro akasema. "Vyema, Mjomba. Vyema."

Mkia haukutikisika.

Toka siku hiyo Nguchiro hawezi kwenda mwendo mrefu bila kusimama kwa miguu ya nyuma, akatazama mbele, akatazama nyuma, akatazama tena. Watu husema anatafuta nyoka. Lakini yeye nyoka huwapata kwa kunusa. Anatazama kama kuna mahali amemwacha mtu anangoja.

Na ndugu za Fisi, habari zilipowafikia, waliapa kwamba hawatakaa, hawatalala wala hawatamngoja mtu yeyote. Kiapo wamekishika hadi leo. Mwulizeni mwenye mbuzi.

Basi funzo. Najua mnalidai, maana hadithi bila funzo watu huona wamepunjwa. Funzo ni hili: msimfundishe fisi adabu, anaweza kuipata. Na mtu akiwaambia fisi wote hawana adabu, msibishane naye. Amesema kweli. Aliyekuwa nayo tulimwacha machimboni.

Hadithi inaaga!
Iende na mkia wake!
Nanyi mlikaa, mkangoja. Niliyewaambia ngojeni ni mimi, na wa kuwaambia ni mimi, si mwingine.
Haya.